Nilimwomba Aniombee, Kisha Nikanyamaza

Mimi ndiye niliyenyamaza. Naanza hapo hapo, usije ukanihurumia kabla hujasikia. Watu walinitazama mdomoni wakingoja niseme neno moja tu, na mimi nikafunga mdomo. Mama wa watu akapoteza jicho.

Jina langu silitaji, na majina mengine humu nimeyabadilisha. Kwetu ni Nyacheki, na Nyacheki habari hailali njiani. Ila woga sijaubadilisha.

Nina binti mmoja, nimwite Moraa. Alikuwa hajaanza shule alipoanguka mara ya kwanza. Tulikuwa tunachuma chai, mimi upande wangu, na upande wa pili wa mpaka jirani yetu, mama mzee mjane. Tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Hatukuwa na undugu naye, ilikuwa heshima tu.

Moraa alikuwa anacheza katikati ya mistari ya chai. Nikasikia kishindo. Kugeuka, mtoto yuko chini, macho yamepinduka, povu mdomoni, mwili wote unaruka. Woi! Mimi mama yake nilisimama tu nikipiga nduru. Magokoro ndiye aliyetupa kikapu chake, majani yakamwagika, akapenya kwenye miti ya chai na magoti yake yale mabovu. Akamlaza Moraa ubavu. Akamlegeza nguo shingoni. Akamshika kichwa hadi kikatulia.

Nilimwangukia miguuni. "Magokoro, niombee huyu mtoto! Wewe Mungu anakusikia!"

"Nitamwombea," akasema. "Lakini hospitali umpeleke pia. Na akipona, uje uniambie, tumshukuru Mungu pamoja."

"Nitakuja, Magokoro."

Shika hayo maneno. Mimi niliyaacha yakaanguka, na ndiyo yaliyokuja kunihukumu.

Hospitali wakasema ni kifafa. Wakatupa tembe, za asubuhi na za jioni. Zilisaidia, siwezi kudanganya. Moraa akawa anaweza kukaa muda bila kuanguka, mpaka tunasahau, halafu siku moja unamsikia jikoni, puu! Unakimbia huku moyo uko mdomoni.

Na niliomba. Usifikiri sikuomba. Nilifunga. Sabato baada ya Sabato, mzee wa kanisa akiuliza ni nani ana ombi maalum, mimi nilikuwa nimeshasimama. Akina mama wa Dorkasi, kile kikundi cha huduma kanisani, walikuja nyumbani wakatuimbia, wakamwekea Moraa mikono. Nililia mbele za Mungu mpaka sauti ikakauka.

Mtoto akaendelea kuanguka.

Basi nikaanza kuchoka. Hakuna siku niliyosema leo naacha. Kwanza niliacha kuomba asubuhi, nikijiambia kuna kazi. Halafu jioni. Mwisho wengine wakimtaja Moraa kwa maombi mimi nafumba macho tu nawaza mboga. Niliona haya, kusema kweli. Niliona kama namsumbua Mungu na jambo ambalo alishalikataa. Nani anapenda kubisha mlango mmoja kila siku na mwenye nyumba yuko ndani kimya?

Mzee wangu, baba yake Moraa, ni fundi wa mbao huko Nyamira. Huja Ijumaa kabla jua halijatua, tunafungua Sabato pamoja, Jumapili jioni anarudi kazini. Kwa hivyo siku nyingi nilikuwa peke yangu na huyu mtoto, na woga wangu, na shemeji yangu, mdogo wa mzee, aliye na nyumba yake hapo hapo bomani.

Shemeji ndiye aliyeniambia kuna mwombaji huko Masimba. "Huyo si wa kuombaomba miaka, shemeji," akasema. "Huyo anaona. Ukifika anakuambia shida imetoka wapi."

Sikumwambia mzee wangu. Nilijua angekataa. Nilimfunga Moraa kitambaa kichwani, tukaenda watatu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya maduka, viti vya plastiki, pazia jekundu, spika kubwa imefunikwa shuka. Mwombaji alikuwa kijana tu, sauti nzito. Alimwekea Moraa mkono kichwani, akaomba kidogo sana. Halafu akaniuliza, "Mama, umemwombea huyu mtoto kwa muda gani?"

"Miaka, mtumishi."

Akatikisa kichwa. "Mungu hachelewi hivyo. Kuna mkono umezuia."

Jamani! Nilihisi baridi kutoka unyayoni.

"Asubuhi ukifungua mlango," akasema, "ni nani unamwona wa kwanza?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilisema, "Magokoro."

"Anafanya nini?"

"Husimama pale mpakani kabla hajaanza kuchuma. Anatazama kwangu. Ameinua mkono hivi, na midomo inacheza."

Shemeji akaruka kwenye kiti. "Omorogi!" Hilo kwetu ni jina la mchawi, na halitamkwi hovyo, maana mtu akishaitwa hivyo, hata kama ni mama yako, hujui kama atalala kwake.

Mwombaji hakusema ndiyo wala hapana. Alifumba macho tu akawa anaitikia kwa kichwa. Mwisho akasema tembe tuache, eti dawa na imani hazikai nyumba moja. Na mimi, mama mzima niliyesoma, nikakubali!

Tulitoka tukasimama kando ya barabara kungoja gari. Hapo ndipo nilipokumbuka. Haki, nilikumbuka kila kitu kwa mara moja: kikapu kilichotupwa, majani yaliyomwagika, mimi nimemshika yule mama miguu. Niombee huyu mtoto. Mimi ndiye niliyemtuma! Yule mama husimama pale kwa sababu nilimwomba asimame.

Nilifungua mdomo nimwambie shemeji. Alikuwa tayari yuko kwenye simu, anaongea Kikisii haraka haraka, jina la Magokoro linatajwa tena na tena.

Nikafunga mdomo.

Kwa nini? Niliogopa. Niliwaza, nikisema, wataniuliza, "Kwa hivyo ni wewe uliyempelekea mtoto wetu?" Mimi ni wa kuolewa pale. Mwanamke wa kuolewa akiulizwa swali hilo na watu wa mume, hana pa kusimama. Nao wakishachoma mmoja, wa pili si kazi.

Na kuna kingine, kibaya zaidi, nakuambia wewe tu. Nilisikia nafuu. Miaka yote nimemuuliza Mungu kwa nini, na Mungu kimya. Sasa nilikuwa na jibu, na jibu lina sura, na linakaa hapo ng'ambo ya chai yangu. Ilikuwa tamu hiyo nafuu. Mungu anisamehe.

Siku zilizofuata nilifungua mlango asubuhi nikiwa nimeinamisha kichwa. Magokoro alikuwa pale pale. Akimaliza kunong'ona hunipungia mkono. "Mtoto ameamkaje?" Mimi naingia ndani kama sijasikia. Tembe nilizifunga kwenye karatasi nikazitia juu kabatini. Ningeweza kuvuka mpaka nimwambie, Magokoro, funga nguo uende kwa mwanao, watu wanakuja. Ni hatua chache tu! Sikuvuka.

Walikuja Jumapili mchana, mawingu yameshajaa kwa ile mvua yetu ya kila siku. Kwanza nilisikia filimbi. Halafu vijana, halafu watu wazima nyuma yao, watu ninaowajua, watu tunaopimiwa nao majani kituo kimoja. Mmoja alikuwa na chupa ya soda, na ndani haikuwa soda. Shemeji yuko mbele. Mzee wangu alikuwa ameshaondoka, siku hiyo aliwahi gari.

Magokoro alikuwa amejifungia ndani. Tulimsikia akiimba wimbo wa kanisa, polepole, kama mtu anayeosha vyombo.

Nilisimama mpakani nimemshika Moraa mkono. Shemeji akanigeukia mbele ya wote.

"Shemeji, sema wasikie! Huyu ndiye yule? Ndiyo ama siyo?"

Wee! Umewahi kutazamwa na macho mengi hivyo? Nilikuwa na neno ndani. Nililisikia likigonga meno. "Mimi ndiye niliyemwomba." Maneno mepesi kabisa.

Nikanyamaza.

Mtu akasema, "Basi, mama mwenyewe hajakataa." Jiwe la kwanza likagonga mabati. Jikoni kwake, kando ya nyumba, ni nyasi, mtu akaitia moto, ukashika mara moja pwaa! Moshi ukatanda. Ndani wimbo ukakatika.

Moraa akanitoka mkononi. Sijui alitaka nini, yeye alimpenda yule nyanya, aliyekuwa akimpa ndizi mbivu kila akipita. Alikimbia katikati ya uwanja akiita, "Magokoro! Magokoro!" Hakufika. Alianguka palepale mbele ya mlango, kifafa kimemshika, kichwa kinagonga ardhi. Siku zote hizo hakuwa amemeza tembe hata moja, na mwenye kumnyima ni mimi.

Umati wote ukarudi nyuma. Unajua watu wanavyoogopa, eti ukimgusa, povu likikupata, na wewe utaanguka. Wanaume wenye mawe na rungu, wote wakarudi nyuma kwa sababu ya mtoto mmoja! Na mimi? Miguu iligoma. Naapa nilitaka kukimbia na miguu haikutoka.

Mlango ukafunguliwa.

Magokoro alitoka. Alikuwa salama mle ndani, mlango wake ni wa mbao nzito, mzee wangu mwenyewe ndiye aliyemtengenezea. Alitoka! Akapita kati ya watu wale kana kwamba hawako, akapiga magoti, akamlaza Moraa ubavu. Akavua kitambaa chake cha kichwa akakiweka chini ya kichwa cha mtoto. Akaanza kuomba, kwa Kikisii, sauti ya kawaida tu. "Nyasae, huyu ni Moraa. Ndiyo, mimi tena. Nimekuja kwa yule yule."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akinong'ona mpakani. Miaka yote, asubuhi zote. Mimi tena. Nimekuja kwa yule yule.

"Mnaona! Anammaliza!" mtu akapaza sauti. Jiwe likaja. Sikumwona aliyerusha. Lilimpiga juu ya jicho, nikasikia mlio wake, na mpaka leo nausikia. Damu ikashuka usoni ikadondokea gauni la Moraa. Na yule mama hakuinua mkono kujikinga. Mikono yote miwili ilikuwa kwa mtoto wangu.

Hapo ndipo nilipolia. "Mimi ndiye niliyemwomba! Mimi! Nilimwambia amwombee! Aliomba kwa sababu nilimtuma, mwacheni, ni mimi!" Nilipiga kelele nikikimbia, nikamlalia Magokoro mgongoni. Nilingoja mawe yanipate mimi.

Hayakuja. Jikoni ikaendelea kuungua. Chupa ya soda ikawekwa chini taratibu. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mvua ilipoanguka, na naibu wa chifu akafika na polisi, tulikuwa tumebaki sisi watatu matopeni. Shemeji alitoroka, hatujui aliko mpaka leo.

Jicho la Magokoro halikupona. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi Kisii mjini, alikuja akamchukua wakaenda kukaa Kiogoro. Alipokuwa akibeba godoro la mama yake alinipita pale mlangoni. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Niliandikisha maelezo polisi, nikasema yote, na langu pia. Mzee wangu alisikia habari akiwa Nyamira, akaja usiku ule ule wa mawe. Nilipomweleza aliketi kwenye kigoda.

"Ungeniuliza," akasema. "Mimi nilijua. Kila nikija aliniambia, baba Moraa, mtoto wenu nimemtaja."

Basi. Hakunipiga, hakunifukuza. Ila siku hizi tukifungua Sabato, yeye huomba kimya, kwa moyo, peke yake. Naona midomo imefungwa, sijui anamwambia Mungu nini juu yangu.

Woga ulianza hapo sasa. Niliwaza, yule mama hachoki. Ikiwa alimtaja mtoto wangu kila asubuhi miaka yote hiyo bila kuchoka, je, akianza kunitaja mimi? Akisema, Mungu, huyu mwanamke, umlipe? Kikombe kikivunjika, naruka. Moraa akichelewa kutoka shule, napiga magoti barabarani. Nilikonda hadi nguo zikanikataa.

Mwisho niliona bora niende mwenyewe. Nilibeba mkungu wa ndizi, nikafika Kiogoro asubuhi. Alikuwa ameketi nje juani, anachambua mboga. Jicho moja limefunga kabisa. Nilisimama mbali, sikuthubutu kupiga hodi.

"Ni mama Moraa," akasema bila kuinua kichwa. "Nakujua kwa kutembea. Mtoto anakunywa dawa?"

"Anakunywa, Magokoro. Asubuhi na jioni."

"Ameanguka lini?"

"Siku nyingi zimepita. Lakini bado anaanguka."

"Nilijua bado," akasema. "Asubuhi nimemtaja."

Nilikaa chini kwa matope. "Magokoro, bado unamwombea? Baada ya yale?"

Akanigeuzia lile jicho lililobaki, akashangaa kweli kweli. "Si ulisema akipona utakuja kuniambia? Hujaja. Ningeachaje?"

Nililia hadi kuku wakakimbia. Yeye akaendelea na mboga zake. Nilipopata sauti nikamuuliza lile lililonileta. "Magokoro, umenisamehe?"

Mkono wake ukasimama. Uso wake ulibadilika, na nikaona kwamba na yeye anaumia, na ana hasira, hasira ya haki.

"Hilo bado naliomba," akasema. "Linanishinda. Lakini sijachoka. Ukingoja, ngoja."

Akachukua mkungu wa ndizi akauingiza ndani. Hakunikaribisha, na sikutegemea.

Kwa hivyo nangoja. Na ninaogopa, sitaki kukuficha. Naogopa atakufa kabla ombi hilo halijajibiwa.

Siku hizi nimerudi kuomba. Asubuhi, kabla sijavaa kikapu, navuka mpaka nasimama pale aliposimama yeye. Chai yake imeota imekuwa miti, hakuna wa kuichuma, wote tunaona aibu. Nasema kama alivyosema, mimi tena, nimekuja kwa yule yule. Namtaja Moraa. Namtaja Magokoro na jicho lake. Sijapata jibu. Sijaacha.

Na wewe unayesoma, kama umechoka kuomba, pumzika, kaa chini, mwambie Mungu umechoka. Usiende kutafuta mtu wa kulaumu. Utampata! Wa kulaumu hakosekani, huwa ni yule mzee asiye na wa kumtetea. Dawa ya mtoto usiiguse. Na ukiulizwa, sema. Sema mapema, kabla jiwe halijaokotwa.

Juzi mke wa jirani mwingine, msichana ameolewa majuzi tu, alipita na mtungi akanikuta nimesimama mpakani midomo ikicheza. Akanisalimia haraka haraka. Halafu akamvuta mtoto aliyekuwa naye akampitisha upande wa pili. Nilimwona.

Dada yangu, kama ni wewe unasoma hii, naomba usimwambie mtu bado. Njoo uniulize ninasema nini.